Mkwe Wangu Katika Kundi la Kuku

Mimi ni mtu wa wivu na sioni sababu ya kuficha. Mume wangu anajua, jirani zangu wa sokoni wanajua, na nadhani hata kuku wangu wanajua, maana jogoo wa jirani akiwika vizuri kuliko wangu siku yangu huwa imeharibika. Kwa hiyo anayesoma haya asitegemee kwamba mwishoni nitakuwa nimepona.

Nauza pumba na mashudu ya pamba Bariadi mjini, nyuma ya soko. Wafugaji wengi wa kuku hupita kwangu, ndiyo maana bwana mifugo wa kata yetu alipoanzisha kundi la wafugaji kwenye simu aliniingiza mapema. Mwanzoni tulikuwa wachache na tulielewana. Kisha wakaja watu wa Maswa, wa Meatu, wa Busega, na kundi likawa mnada. Huyu anatuma sala ya asubuhi, yule anauza kiwanja, mwingine anatuonyesha harusi ya shemeji yake. Palikuwa na baba mmoja wa Malampaka aliyependa kutuma picha ya kinyesi cha kuku saa ya chakula cha mchana, picha kubwa, bila neno lolote. Unafungua simu ukiwa na tonge la ugali mkononi, unakutana nayo.

Bwana mifugo akachoka. Akaja dukani, akakaa juu ya gunia la pumba, akasema, "Mama, wewe una mdomo. Nakufanya admini. Kila mgeni apite kwako kwanza, umfundishe adabu."

Niliishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Mgeni akiingia namkaribisha mbele ya watu, kisha namfuata pembeni, mimi na yeye tu, namweleza. Salamu mara moja inatosha, hatuhitaji kusalimiwa mtu mmoja mmoja. Ukiwa na kuku mgonjwa sema ana umri gani, anakula nini, wenzake wakoje. Picha ya kinyesi itanguliwe na onyo, kuna watu wanakula. Usimpe mtu dawa ambayo hajakuomba. Na mambo ya nyumbani kwa mtu usiyaulize mbele ya kundi. Kama lazima, mfuate pembeni. Watu wakaanza kuniita Mwalimu. Mimi niliishia darasa la saba, na jina hilo nililivaa kama kitenge kipya. Akitokea mtu akamjibu mgeni kabla yangu, nilinuna siku nzima.

Lakini si kuku tu walionikalisha kwenye lile kundi. Mkwe wangu alikuwamo.

Binti yangu aliolewa Lamadi na mfanyabiashara wa dagaa. Alifariki akaacha mtoto mmoja wa kike ambaye alikuwa bado ananyonya. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa wote, kwa hiyo mtoto ni wa kwao, akabaki na baba yake na shangazi yake. Sina ugomvi na hilo, ndiyo desturi. Shida yangu ni nyingine. Kwetu mama mkwe na mkwe hawazungumzi. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia: anasimama kwenye majani, anageukia pembeni, mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wanacheka, wengine wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Mimi na mkwe wangu hatujafika huko na hatutafika. Binti yangu alipokuwa hai ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Mwambie mumeo hivi, mwambie mama vile. Alipoondoka tukabaki bubu wote wawili.

Mume wangu anaruhusiwa kuongea naye, na huongea. Anampigia simu, anauliza mvua, anauliza ng'ombe, anauliza bei ya dagaa, anakata. Namuuliza, "Na mtoto je?"

"Angekuwa mgonjwa angesema."

Ndiyo habari ya mjukuu wangu niliyokuwa nikipata katika nyumba hii. Mtoto mwenyewe huletwa wakati wa sikukuu. Nusu ya siku zake kwetu ananionea haya, anajificha nyuma ya mlango. Akianza kunizoea, shangazi yake amefika kumchukua. Nilichokuwa nikiogopa ni kimoja tu, na nilikiogopa kila siku nilipokuwa napima pumba: kwamba mtoto yule atakua bila kujua kwamba ana bibi Bariadi.

Siku nilipogundua kwamba mkwe yumo kwenye kundi, nilimjua kwa picha. Badala ya sura yake mwenyewe aliweka mtoto, amekaa juu ya gunia la dagaa, miguu inaning'inia. Aliniona na yeye, kwa sababu siku ile ile alinyamaza. Tangu hapo tukawa tunaishi humo kwa adabu. Akiandika yeye, mimi sijibu, nangoja mtu mwingine apite katikati yetu ndipo niandike. Nikiandika mimi, yeye haweki hata dole gumba. Lakini kila alipobadilisha ile picha niliifungua, nikaikuza, nikamtazama mtoto meno, nywele, magoti. Bando langu liliishia hapo.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka alipokuja yule mama wa Lingeka.

Aliingia asubuhi na ujumbe wa sauti mrefu kama reli. "Mwangaluka wote mliomo humu ndani! Mimi natoka Lingeka, huku Meatu. Mmeamkaje? Na watoto wameamkaje? Na ng'ombe? Huko kwenu mvua imenyesha? Huku bado, tunaangalia juu tu." Nyuma yake ndama walikuwa wanalia. Nikajisemea, huyu atanisumbua. Kabla sijapata nafasi ya kumkaribisha kwa utaratibu, watu wazima, wafugaji wakongwe niliowafundisha mwenyewe kuacha salamu ndefu, wakawa wanamjibu mmoja mmoja: mhola mayu, wazima tu mama yetu, huku imenyesha kidogo. Hata baba wa Malampaka alimjibu kwa sauti. Sikujua kama ana sauti.

Nilimfuata pembeni nikamfundisha yote. Alinisikiliza vizuri, aliniita mayu mwalimu, yaani mama mwalimu, akanishukuru, "Wabeja, wabeja sana." Alikuwa mtu wa rika langu, na simu alinunuliwa na mwanawe. Nilipofika kwenye picha ya kinyesi nilimwambia, "Kabla hujatuma, wapigie watu hodi."

Mama yule akashika neno kama lilivyo. Kesho yake kuku wake wakaharisha. Akaingia kwenye kundi na sauti: "Hodi! Picha ya mavi ya kuku inakuja." Halafu hakutuma. Tukangoja. Mtu akauliza, mama, picha iko wapi? Akajibu kwamba hajasikia mtu akisema karibu, na yeye hawezi kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa. Watu walicheka mpaka wakachoka. Zikamiminika karibu, karibu mayu, karibu na mavi yako. Ndipo picha ikaja.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya kundi. Mtu mwenye picha mbaya anapiga hodi, anangoja karibu, anaingia. Baba wa Malampaka, ambaye mimi nilimwonya mpaka vidole vikaniuma, alipiga hodi kwa hiari yake. Bwana mifugo akasifu, "Mama wa Lingeka ametuletea adabu." Ametuletea! Nani aliyemwambia neno hodi? Nilifunga duka mapema siku hiyo. Mume wangu aliponiuliza kulikoni nikamwambia kichwa kinauma. Akanitazama, akasema, "Mwenye wivu ajinyonge," akaendelea kumenya muwa wake.

Hilo ningelimeza. Halafu mkwe wangu akauliza swali.

Aliandika kwamba kuku wake wamepunguza kutaga. Watu wakaanza: mwanga, chawa, umri. Yule mama akaja na sauti yake, "Ng'wanone, mwanangu, kuku hao ulianza nao mwenyewe au ulirithi?" Wote tukasikia. Mkwe akaandika kwamba kuku walikuwa wa marehemu mke wake, na kwamba yeye anawatunza kwa ajili ya mtoto. Pole zikajaa. Mimi sikuandika pole. Nimpe nani pole, na marehemu ni wangu?

Mama wa Lingeka hakuishia hapo. Mtoto ana umri gani? Nani anamsuka? Anakula vizuri? Analala na nani? Na mkwe wangu, mtu ambaye kwa mume wangu hutoa maneno kama anayetoa meno, alikuwa anajibu yote. Anasukwa na shangazi yake Jumapili. Hapendi uji wa mtama, anapenda wa mahindi. Ameanza shule, anaandika namba nne kinyumenyume. Kila asubuhi sasa yule mama akawa anauliza, "Mayu mdogo ameamkaje?" na yeye anajibu mbele ya watu wote. Nilikuwa nasoma mle ndani, mimi niliyemzaa mama wa mtoto, kama mpita njia anayechungulia ua wa watu. Kila kitu nilichokitamani kukijua nilikijua, lakini kwa swali la mtu mwingine. Nilishukuru? Hata kidogo. Nilikuwa nawaka. Kwa nini yeye awe na mdomo wa kumuuliza mkwe wangu, mimi nisiwe nao? Kwa sababu tu hakumzalia mke!

Siku moja mkwe akaandika kwamba mtoto ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka. Mama wa Lingeka akacheka kwenye sauti yake, akamwambia mtoto alitupe juu ya bati apate jingine jeupe. Maneno hayo ni yangu. Ndiyo niliyomwambia mama yake, kwenye bati la nyumba hii hii, na jino lake nadhani bado liko huko juu.

Nikaandika: "Tukumbushane wana kundi. Hapa ni mahali pa kuku. Mambo ya nyumba za watu yabaki nyumbani. Sheria ni moja kwa wageni na wenyeji."

Ndiyo sheria. Ilikuwapo kabla ya yule mama kuja, na nilikuwa nimeikumbusha kwa wengine mara nyingi bila mtu kulalamika. Lakini sikutaja jina, na ujumbe wangu ukakaa moja kwa moja chini ya jino la mjukuu wangu. Chai yangu haijapoa, kundi likaonyesha kwamba mkwe ametoka.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Katika miaka yote ya ukwe wetu hilo lilikuwa neno langu la kwanza kumfikia, na lilikuwa la kugomba. Nilitafuta picha ya mtoto nikakuta haionekani tena. Pamebaki kile kivuli cha mtu asiye na uso. Nikauza mashudu siku nzima bila kusikia wateja wanasema nini.

Jioni yule mama akanipigia. "Mayu mwalimu, nimekuja kuomba msamaha. Ile kosa ni yangu. Mimi ndiyo nilikuwa namuuliza yule kijana, na wewe ulinifundisha."

"Yameisha," nikasema.

"Lakini usiwe na wasiwasi. Namba yake ninayo. Sasa tunaongea pembeni, kama ulivyosema mambo ya nyumbani yaende pembeni."

Adabu yangu mwenyewe ndiyo iliyomtoa mjukuu wangu machoni pangu ikamweka mikononi mwake. Nilikata simu bila kuaga vizuri. Kesho yake, kwa wema tu, kwa sababu alidhani bado nina huzuni ya kundi, akanitumia sauti. "Sikiliza kitoto hiki, mwalimu, ufurahi."

Ilikuwa sauti ya mjukuu wangu. "Mwangaluka, bibi wa Lingeka. Jino nimelitupa juu ya bati." Kwangu hujificha nyuma ya mlango. Kwa huyu amesalimia kwa Kisukuma safi, na amemwita bibi.

Nilimchukia yule mwanamke. Nasema hivyo hivyo. Nilikaa juu ya gunia nikaisikiliza ile sauti tena na tena, na kila mara nilichukia pale pale, kwenye neno bibi. Mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Kisha nikampigia. Sikuwa na mpango wa kusema kwa upole na sikusema kwa upole. "Mayu, huyo mtoto, mama yake nilimzaa mimi."

Nikasikia ng'ombe wake wanaingia zizini.

"Basi yule kijana ni mkwe wako."

"Ndiyo."

"Na ukamwambia mambo ya nyumba yabaki nyumbani."

"Sikumwambia yeye. Nililiambia kundi."

"Sasa mayu," akasema taratibu, "kundi ni nani?"

Akaniambia atazungumza na kijana, akakata.

Alipopiga tena sauti yake ilikuwa imebadilika. Alinieleza kwa kifupi, na yeye si mtu wa kifupi. Mkwe alikuwa amemwambia kwamba alijua tangu mwanzo kuwa nasoma. Hakuwa na njia ya kunipa habari za mtoto. Baba mkwe haulizi, na yeye hawezi kuanza. Alipotokea mama wa kumuuliza mbele ya watu, akashukuru moyoni, akawa anajibu kila kitu. Nilipoandika lile neno alidhani nimechoka kusikia.

"Alikuwa anakujibu wewe," mama wa Lingeka akasema. "Habari za uji, za kusukwa, za jino, zote alikuwa anakupa wewe. Mimi nilidhani anaongea na mimi."

Katika sauti yake nilisikia kitu nikakijua mara moja, maana mimi hukaa nacho kila siku. Alikuwa ananionea wivu. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Nilifurahi.

Bwana mifugo alimtumia mkwe linki, akarudi kundini asubuhi ya soko. Na kwa kuwa amerudi ni mgeni, na mgeni hukaribishwa na mimi. Kundi zima likangoja Mwalimu aseme neno. Nilishika simu. Desturi ya kundi inaniambia sema, desturi ya kwetu inaniambia nyamaza, na sijawahi kuruhusu mtu mwingine kumpokea mgeni. Mwishowe nikamwandikia mama wa Lingeka pembeni: mpokee wewe.

Akampokea. "Karibu ng'wanone. Humu sheria unazijua. Mwenye nyumba yupo, na anasema amefurahi umerudi, na habari za mtoto ziwe zinakuja."

"Wabeja mayu," mkwe akaandika. "Mwambie mwenye nyumba zitakuja."

Watu zaidi ya mia walisoma hayo. Hakuna aliyesema kundi ni la kuku. Baba wa Malampaka akaweka dole gumba.

Muda mfupi baadaye ikaja sauti nyingine kutoka kwa mkwe. Nikaifungua. Pumzi kwanza, kisha mtoto: "Hodi. Hodi, bibi wa Bariadi." Na hapo ikaishia. Alikuwa amefundishwa vizuri, nami nilijua ni nani aliyemfundisha: anapiga hodi, na haingii mpaka akaribishwe.

Kundi lile likisikia hodi humiminika karibu mpaka simu inapata moto. Siku hiyo lilinyamaza. Kisha juu ya kioo pakatokea kwamba mama wa Lingeka anarekodi sauti. Atajibu. Mtoto amemzoea yeye, atamjibu yeye, na sauti yangu itafika nyuma kama ya jirani. Nilitazama yale maandishi yakicheza. Halafu yakakatika. Nikangoja yarudi, hayakurudi. Kule Lingeka, mwanamke yule alikuwa ameacha njia.

Nikabonyeza haraka, kabla hajabadili mawazo, nikasema, "Karibu, mjukuu wangu."